Koti la Ngozi Huanzia kwa Mchunaji

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Mtakumbuka kuwa katikati ya mwaka uliokwisha Halmashauri ilipokea ombi la nyumba moja miongoni mwa wanachama wetu, ambayo kwa heshima sitaitaja jina. Watu hao hushona makoti, vizibao na mikoba ya ngozi hapa mjini: baba, mama, na watoto wao wawili walio wakubwa. Waliomba mkopo katika Mfuko wa Chama ili wanunue cherehani ya pili, ile nzito ishonayo ngozi. Halmashauri haikuafikiana. Baadhi ya wazee walisema kwamba kazi za namna hii ndizo hasa zilizotufanya tuunde chama. Wengine walisema kuwa mtu atakaye koti la ngozi siku hizi huenda kwenye mitumba, na kumkopesha mshonaji ni kutupa fedha majini. Mwisho iliamuliwa kwamba karani aende akaitazame kazi hiyo tangu chanzo chake, asome na vitabu viihusuvyo, kisha aje aseme mbele yenu. Basi nilitumwa kutazama cherehani, nami nimerudi na maneno mengi zaidi juu ya kisu.

Kwanza nawaomba wazee waniwie radhi nikitaja mambo wayajuayo kunishinda. Katika Bonde hili la Ufa ngozi ilikuwa nguo kabla ya pamba. Wamasai walivaa ngozi za kondoo, za mbuzi na za ndama. Wakikuyu, upande wa mashariki, walivaa za mbuzi. Na katika misitu ya Mau, Waogieki waliunganisha ngozi za perere, yule pimbi wa mitini aliaye usiku, zikawa joho la manyoya la kumkinga mtu na baridi ya milimani. Perere ni mnyama wa ukubwa wa sungura mnene tu. Mtu afikiri mwenyewe ni ngozi ngapi zilizohitajiwa, na ni mishono mingapi iliyoshonwa kwa mshipa wa mnyama, mpaka joho moja likamilike.

Kazi hiyo ilikuwa ya nyumba nzima. Ngozi iliwambwa chini kwa vigingi, ikaparuzwa nyama na manyoya, ikapakwa mafuta, kisha wanawake wakaifikicha mikononi siku baada ya siku hata ikalainika. Nguo za pamba zilifika kwa misafara ya kutoka pwani, halafu reli ikafika Nakuru mwaka 1900, na haukupita muda mrefu blanketi na kitambaa vikashika mahali pa ngozi. Kwa hiyo nyumba yenye kushona mavazi ya ngozi si jambo geni katika nchi hii. Ugeni ni kwamba leo nyumba hiyo hainunui ngozi kwa jirani yake.

Baba wa nyumba ninayoisema alijifunza kushona kwa baba yake, ambaye naye alikuwa akitengeneza matandiko ya farasi na hatamu katika shamba la mlowezi karibu na Njoro. Walowezi walipoondoka, na farasi wakapungua, mzee huyo alihamia mjini akashona mishipi na ala za visu. Mwanawe ndiye aliyeanza makoti. Wateja wake wengi ni waendeshaji wa bodaboda, na si ajabu, kwa maana mtu apandaye pikipiki alfajiri kwenda Molo mwezi wa Julai anajua kazi ya koti la ngozi bila kuhubiriwa.

Sasa nieleze ngozi ni kitu gani. Ngozi mbichi haidumu. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na kinachobaki zaidi ni nyuzi nyembamba sana zilizosokotana, za protini iitwayo kolajeni. Ikiachwa mbichi huoza. Ikianikwa hukauka ikawa ngumu kama ubao, na ikilowa tena huoza vile vile. Ukiichemsha hugeuka gundi. Kuitengeneza ni kuingiza dawa kati ya nyuzi zile, dawa izishike hata zisiweze kuoza, wala zisigandamane zikikauka. Fundi alinionyesha jaribio. Aliweka sufuria ya maji jikoni, akatia kipande cha ngozi mbichi. Maji hayajachemka bado, yamefika digrii 65 hivi, kile kipande kikajikunja kama jani motoni. Kisha, maji yalipokuwa yakitokota, akatia kipande cha ngozi ya koti, akakitoa baada ya dakika chache kikiwa na ukubwa wake ule ule. Mzee mmoja wa Halmashauri aliyefuatana nami alikishika, akakigeuzageuza, akasema, "Karani, hii haijui tena kwamba ilikuwa mbuzi."

Hatua za kiwandani ni nyingi, nami nitazipita upesi. Ngozi hulowekwa ili chumvi, damu na kinyesi vitoke. Hutiwa katika maji ya chokaa na salfaidi, manyoya yakang'oka nayo ikafura. Nyama na mafuta ya upande wa ndani huparuzwa kwa mashine ya visu. Kisha chokaa huondolewa, na dawa nyingine hutiwa ili kuilegeza; zamani huko Ulaya walitumia mavi ya mbwa na ya ndege kwa kazi hii, jambo lililowafanya watengeneza ngozi wakae mbali na majirani. Hufuata chumvi na asidi, na baada yake dawa yenyewe. Dawa zitumikazo zaidi ni za namna mbili, ya magome ya miti na ya chumvi za kromu.

Ya magome ndiyo ya kale. Miti ya miwati, ambayo sisi huijua kwa kuni na makaa, asili yake ni Australia, na ililetwa katika nyanda hizi za juu kwa ajili ya magome yake. Zaidi ya robo ya uzito wa gome kavu ni tanini, ndiyo dawa yenyewe. Kampuni ya East African Tanning Extract, kule Eldoret, kwa miaka mingi ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati na kiwanda cha kukamua dawa hiyo. Ngozi ya magome hutaka majuma mengi, pengine miezi, nayo hutoka nene na imara, ifaayo kwa soli, mishipi na matandiko. Njia ya kromu ni ya juzi tu kwa hesabu ya mambo haya: Augustus Schultz aliipatia hataza Marekani mwaka 1884. Ngozi huzungushwa pamoja na dawa ndani ya pipa kubwa la mbao, na kwa muda usiozidi siku moja, au kupita kidogo, hutoka ikiwa na rangi ya samawati. Ni laini na nyepesi, na maji ya moto haiyaogopi. Makoti mengi ya dunia hushonwa kwa ngozi hii.

Baada ya hapo hupunguzwa unene, na ya koti aghalabu haifiki milimita moja. Hutiwa rangi, kisha mafuta. Naomba tuyaangalie mafuta haya, kwa maana bila hayo ngozi iliyokwisha kuiva hukauka ikawa kama gamba. Kiwanda huyaingiza katika pipa na bibi zetu waliyaingiza kwa viganja, lakini sababu ni moja, ili nyuzi ziteleze zisikwaruzane. Mwisho ngozi hukaushwa, ikavutwa na kukandwa na mashine kama ilivyofikichwa na akina bibi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mnyama wa kupendeza machoni si lazima awe na ngozi njema. Kondoo wa Molo mwenye sufi nene hutoa ngozi iliyolegea yenye mafuta mengi, isiyopendwa sana na mshona makoti. Kondoo mwekundu wa Kimasai, mwenye manyoya mafupi, aishiye juani akila majani makavu, ngozi yake imeshikamana, ni nyembamba na yenye nguvu. Mbuzi wa Baringo naye, wale tuwaonao wakiletwa mnadani Kimalel na wengine wakishushwa hapa kwetu, wanasifiwa na mafundi. Kwa hiyo mali tunayoitafuta inapita katika barabara zetu kila juma.

Nirudi kwa nyumba ya fundi. Koti moja la mtu mzima hutaka ngozi nane hadi kumi za mbuzi, na katika uchaguzi wa ngozi hizo ndimo ufundi ulimo. Ngozi si kitambaa cha dukani kinachofanana tangu mwanzo wa mtumba hata mwisho. Mgongo ni imara, tumbo huvutika. Ukiukata mkono wa kulia katika mgongo na wa kushoto katika tumbo, mwaka hautapita kabla koti halijaanza kuinama upande mmoja. Binti wa nyumba hiyo huzitandaza ngozi mbele ya dirisha asubuhi, azilinganishe rangi na chembe za uso wake, na nilimwona akirudisha ngozi moja mara tatu kwa tofauti ambayo mimi sikuiona hata nilipoonyeshwa. Baba huweka violezo vya karatasi, akivigeuza huku na huku kuyakwepa makovu, kisha hukata kwa kisu. Mama hushona. Sindano yake ina ncha bapa kama kisu kidogo, na tundu ikiisha kutobolewa haizibiki. Mshono uliokwenda kombo hauwezi kufumuliwa na kurudiwa kama wa kitambaa. Pini hazitumiki kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wao hupaka gundi pindo na kuzigonga kwa nyundo zilale, akatia zipu na bitana. Nilimwuliza mama kwa nini makoti mengi ni meusi. Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, nyeusi hufunika dhambi za wengine."

Dhambi hizo ndizo nilizotumwa kuzitafuta, ingawa hatukujua hivyo wakati ule. Jamaa hao wana daftari, nao walinipa ruhusa kulitazama. Upande mmoja wameandika ngozi walizonunua. Upande wa pili, zile zilizofaa kukatwa koti. Pande hizo mbili hazilingani mahali popote. Zilizobaki hukatwa mikoba, pochi na vishikio vya funguo, vitu ambavyo bei yake ni ndogo na wauzaji wake ni wengi. Cherehani ya pili haitalibadili daftari hilo, kwa kuwa hata ile ya kwanza siku nyingine hukaa bure.

Nilikwenda basi machinjioni, na mahali pengine wanapochinja watu binafsi. Mchunaji aliye na haraka hutumia kisu cha ncha kali, kile kile cha kukatia nyama. Hutoboa ngozi, au huikwaruza upande wa ndani isitoboke, na mkwaruzo huo ni mbaya kuliko tundu, maana hauonekani mpaka ngozi imekwisha kutengenezwa na kutiwa rangi, gharama zote zikiwa zimelipwa. Kisu kifaacho kimepinda na ncha yake ni butu. Tena kwa mbuzi na kondoo kisu ni cha kufungulia tu. Kazi iliyobaki ni ya ngumi, kusukuma kati ya ngozi na nyama, kama wazee walivyotufundisha nasi tukaacha.

Baada ya kuchunwa, ngozi huburutwa chini, ikatupwa pembeni hadi jioni. Kuoza huanza saa ile ile. Au hutandazwa juani juu ya mchanga, na huko hupikika: nje imekauka, ndani mna unyevu unaooza. Mnunuzi huiona nzuri. Ikifika katika chokaa hupasuka vipande. Njia njema ni kuisafisha na kuipaka chumvi saa chache tu baada ya kuchuna, chumvi kiasi cha theluthi ya uzito wake, au kuiwamba katika fremu ya miti kivulini ambapo hewa hupita pande zote mbili. Yako na madhara ya mnyama angali hai, kama kupe, miba, seng'enge, na chapa ya moto ipigwayo matakoni, mahali palipo bora kuliko pote katika ngozi ya ng'ombe, hali ingeweza kupigwa shavuni au mguuni.

Na wachunaji ni nani? Machinjioni ni watu wa kazi hiyo. Lakini Krismasi, arusini, katika matanga na wakati wa mahari, ni sisi wenyewe, na ngozi ya mnyama huyo tumeiona wote ikiburutwa na mbwa nyuma ya nyumba.

Kuhusu mitumba, wazee waliosema hivyo wana haki. Tangu biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo na viatu vya nje viliingia kwa wingi, na viwanda kadhaa vya nchi yetu vikafungwa au vikapunguza kazi. Serikali nayo imejaribu kuizuia ngozi isiondoke mbichi, na mwaka 2012 ushuru wa kuipeleka nje ulipandishwa ukawa asilimia 80. Viwanda vikaitengeneza hadi kufikia ile hatua ya rangi ya samawati, na sehemu kubwa ikaondoka hivyo hivyo, ikamalizwe na kushonwa ng'ambo. Haikosi kuwezekana kwamba koti fulani la mtumba livaliwalo hapa Nakuru lilianza safari yake Marigat. Tena ngozi bora huenda kwa mnunuzi mkubwa, na nyumba kama hii huuziwa iliyobaki.

Mwanachama mmoja alinishauri niwaambie mjenge kiwanda cha ngozi cha chama. Kwa heshima yote, nasema hapana. Kilo moja ya ngozi mbichi humeza maji lita 30 hadi 40 kabla haijawa ngozi kamili, na maji hayo hutoka yamebeba chokaa, salfaidi, chumvi na kromu. Katika kilo 1,000 za ngozi ya chumvi hupatikana kilo 200 hadi 250 tu za ngozi kamili. Nyingine yote ni taka ya kushughulikiwa. Nasi tunakaa juu ya ziwa lisilo na njia ya kutokea maji. Kitu kikifika katika Ziwa Nakuru hakina pa kwenda. Ziwa hilo ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 1990 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia. Mtu mwenye mitambo ya kusafisha maji machafu na afanye kazi hiyo. Chama cha watu wa michango ya kila mwezi kisiiguse.

Ila liko neno alilonieleza fundi, na hilo ndilo ninaloliweka mbele yenu. Viwanda vingine hukubali kumtengenezea mtu ngozi zake kwa malipo, akarudishiwa zile zile, alizochagua mwenyewe. Shida ni pipa. Haliwashwi kwa ngozi ishirini au thelathini, linataka mamia. Nyumba moja haiwezi kulijaza. Wanachama wa chama hiki, tukihesabu wanyama tuchinjao tangu Desemba hadi Pasaka, tunaweza.

Najua litakalosemwa, kwamba tunakusanya mali ya wote ili nyumba moja ifaidi. Kwa hiyo pendekezo la Halmashauri ni kwamba kila ngozi ipimwe daraja mbele ya mwenyewe na ilipwe kwa daraja lake siku ile ile, na ile yenye tundu mgongoni isilipwe sawa na nzima, hata akiwa mwenyewe ni mzee wa Halmashauri. Nyumba ya fundi itanunua kwa bei itakayoamuliwa na Mkutano, na fundi mwingine yeyote mwanachama atakuwa na haki hiyo hiyo. Ombi la cherehani lisikataliwe, lakini liahirishwe mpaka pipa la kwanza lirudi na daftari lile litazamwe upya. Baba wa nyumba hiyo amekubali kungoja. Mama amekubali pia, ingawa alisema angependa kungoja huku akishona. Kijana wao, sitawaficha, ana mpango wa kwenda Gikomba kununua makoti ya mtumba kwa jumla akauze hapa mjini, na amewapa wazazi wake mwaka mmoja.

Yanayotakiwa sasa ni visu kumi na viwili vya kuchunia, fremu nne za miti, na magunia ya chumvi ya mawe. Mchunaji mmoja wa machinjioni, mtu mwenye mkono mzuri niliyemwona kwa macho, amekubali kuwafundisha vijana Jumamosi mbili za Novemba, na ujira wake umeandikwa katika makisio yaliyo mwishoni mwa kitabu hiki. Mkutano ukiidhinisha, chumvi itawekwa katika chumba cha nyuma cha ofisi yetu, juu ya mbao isishike unyevu, na ufunguo utakuwa kwangu siku zote, Jumapili na sikukuu pamoja.